Boila Inachemka, Chumba Baridi

Leo naweka programu kando kidogo niwasimulie juu ya mashine ambayo haina hata mstari mmoja wa programu ndani yake, ila kuitafutia hitilafu kulinichukua wiki tatu nzima. Ni mfumo wa kupasha nyumba joto kwa mvuke. Mifumo ya aina hii iliwekwa katika nyumba nyingi sana za Marekani tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1930 hivi, na katika miji kama New York, Chicago na Boston mingi bado inafanya kazi hadi leo.

Najua msomaji wa Malindi anacheka. Nyumba kupashwa joto? Yeye anatafuta feni! Lakini msomaji wa Limuru au Nyahururu ataelewa nusu ya habari, maana mwezi wa Julai anajua kulivuta jiko la makaa karibu.

Mambo yenyewe ni haya. Naishi Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson ukitoka New York, katika nyumba ya ghorofa mbili iliyojengwa mwaka 1926. Mwenye nyumba ni mjane wa miaka themanini hivi, anakaa chini. Sisi tunamwita Shosho, naye amelizoea jina hilo. Juu tumepanga sisi: mimi, mke wangu, mtoto wetu aliyekuwa na miezi miwili, na mama yangu aliyekuja kutoka Nyeri kumlea mjukuu wake.

Januari 2024 baridi ilibana. Sebuleni kipimajoto kilisema nyuzi 26 na tulikuwa tunafungua dirisha. Chumba cha nyuma, alimolala mama na mtoto, nyuzi 13. Mama alilala na koti na soksi mbili mbili. Nyumba moja, boila moja, na tofauti ya nyuzi 13 baina ya vyumba viwili!

Shosho aliita fundi. Fundi hakukaa hata nusu saa. Aliongeza presha ya boila, akaondoka. Baridi ikabaki pale pale, na sasa mabomba yakaanza kugonga usiku kama mtu anayepiga chuma kwa nyundo. Aliporudi alisema boila imekwisha, mfumo mzima ung'olewe, gharama dola 14,000. Shosho hakuwa na fedha hizo. Akaanza kuzungumza juu ya kuuza nyumba aliyokaa miaka zaidi ya arobaini. Nyumba ikiuzwa, sisi nasi tunatafuta pa kwenda.

Mtu akishikwa na baridi hufanya lolote. Wapo wanaowasha oveni ya gesi na kuuacha mlango wake wazi, na hiyo ni hatari ile ile ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Wapo wanaonunua hita za umeme. Tarehe 9 Januari 2022 hita ya umeme yenye hitilafu ilianzisha moto katika jengo moja la ghorofa huko Bronx, New York. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto, na wengi wao walikuwa wa familia zilizotoka Gambia. Kila nilipoiona hita yetu ndogo ikiwaka nyekundu karibu na kitanda cha mtoto, nililikumbuka jengo hilo. Ndiyo sababu nikaamua kuuelewa mfumo huu kabla haujang'olewa.

Kwanza tuelewane jinsi unavyofanya kazi. Katika chumba cha chini ya ardhi kuna boila, yaani chungu kikubwa cha chuma kinachochemsha maji kwa gesi. Mvuke unatoka kwa bomba kuu lililoning'inizwa darini mwa chumba hicho. Kutoka kwenye bomba kuu matawi yanapanda kwenda kila chumba, na mwisho wa kila tawi kuna rejeta. (Ndiyo, rejeta kama ya gari, ila hii ni ya chuma kizito na kazi yake ni kupasha watu joto, si kupoza injini.) Mvuke ukigusa chuma baridi unageuka maji tena, na hapo ndipo unapoutua mzigo wake wa joto.

Mzigo huo si mdogo. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji takriban kilojuli 418. Kuyageuza maji hayo ya nyuzi 100 yawe mvuke kunahitaji kilojuli 2,257 nyingine. Hicho kiasi cha pili ndicho mvuke unachokiacha chumbani unaporudi kuwa maji. Na hakuna pampu popote. Mvuke unapanda wenyewe, maji yanashuka kwa uzito wake.

Mifumo hii iko ya namna mbili: ya mabomba mawili, ambapo mvuke na maji kila kimoja kina njia yake, na ya bomba moja, ambapo mvuke unapanda na maji yanashuka ndani ya bomba lile lile, kwa wakati mmoja. Yetu ni ya bomba moja. Hapo hakuna nafasi ya mchezo: kila kitu kikae kwa mwinamo wake sawasawa, la sivyo wawili hao wanagongana njiani.

Sasa, mimi ni mtu wa programu. Mtu akiniambia "haifanyi kazi" nauliza "inashindwa wapi, na saa ngapi?" Kabla ya kugusa spana nilitaka takwimu. Nilikuwa na Raspberry Pi moja iliyokuwa ikikusanya vumbi kabatini, na vihisi joto vya DS18B20, vile vidogo vya dola chache. Nilivifunga sita: kimoja mahali bomba linapotoka kwenye boila, kimoja mwisho wa bomba kuu, na vinne kwenye rejeta nne za ghorofa yetu. Programu fupi ya Python, isiyozidi mistari 40, ilisoma kila kihisi kila baada ya sekunde 10 na kuandika saa na nyuzi katika faili.

Baada ya siku mbili nilichora grafu, na grafu ikasema wazi. Moto wa boila ukiwaka, mvuke ulitoka dakika ya 9. Rejeta ya sebule ilipata moto dakika ya 15. Lakini mwisho wa bomba kuu, umbali wa mita 12 tu, mvuke ulifika dakika ya 34. Dakika ya 38 themostati ilisema "inatosha" na boila ikazima. Rejeta ya chumba cha nyuma ilikuwa haijapata hata vuguvugu.

Themostati yenyewe iko sebuleni kwa Shosho, upande wa mbele. Alikuwa ameipandisha hadi nyuzi 24 kwa kumhurumia mtoto, naye mwenyewe akawa anajipepea kwa gazeti katikati ya Januari. Kuipandisha zaidi kungemchoma yeye bila kutusaidia sisi.

Kwa hiyo boila ilikuwa nzima. Ilichemka haraka na mvuke ulitoka kwa wingi. Kitu fulani kiliuchelewesha mvuke dakika 25 katika njia ya mita 12. Nini?

Nilimwonyesha mama grafu kwenye rununu. Hakuwa na haja na mistari ya rangi. Aliniuliza swali moja:

"Mwanangu, mtungi ukiuzamisha mtoni mdomo ukiangalia chini, unajaa?"

"Haujai, mama."

"Kwa nini?"

"Hewa ya ndani haina pa kutokea."

"Basi hewa ya hilo bomba lako inatokea wapi?"

Mama alichota maji mtoni utoto wake wote. Hakuwahi kuona boila maishani mwake kabla ya hii.

Tazama basi. Boila ikiwa imezimwa, mabomba na rejeta zote zimejaa hewa. Mvuke hauwezi kuingia mpaka hewa hiyo itoke. Ndiyo maana kila rejeta ya bomba moja ina kidude kidogo ubavuni, upande wa mbali na koki. Nitakiita kipumulio. Ndani yake kuna sehemu inayoitikia joto: hewa ikipita tundu liko wazi, mvuke ukifika linajifunga. Na mwisho wa bomba kuu, kule chini, panatakiwa kuwa na kipumulio kikubwa zaidi, ili bomba kuu lijae mvuke upesi na rejeta zote zianze kupata joto karibu kwa pamoja.

Nikapiga hesabu. Bomba kuu letu ni la inchi 2, na mita 12 za bomba hilo zinabeba hewa ya lita 26 hivi. Yaani zaidi ya mtungi mmoja wa lita 20! Kama kipumulio kikubwa hakifanyi kazi, lita zote hizo zinabaki zikitafuta pa kupenyea kwenye vitundu vya rejeta, vidogo kama tundu la sindano. Rejeta za karibu na boila zinapata mvuke mapema kwa kuwa mbele yao kuna hewa kidogo tu. Rejeta ya mwisho lazima itoe hewa yake mwenyewe pamoja na hewa ya bomba zima.

Nilishuka na tochi. Mwisho wa bomba kuu, nyuma ya masanduku ya Shosho, nikakiona. Kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na bomba, tabaka juu ya tabaka, labda tangu kabla sijazaliwa. Tuliwasha boila, nikasogeza karatasi nyepesi mbele ya tundu. Karatasi haikutikisika hata kidogo.

Kwa ruhusa ya Shosho, na boila ikiwa imezimwa na kupoa kabisa, nilikifungua kwa spana mbili, moja ikilishika bomba lisizunguke. Mahali pake nikaweka vipumulio viwili vipya vikubwa. Gharama: dola 130 na asubuhi moja ya Jumamosi.

Jioni hiyo vihisi vilisema hivi: mvuke ulitoka kwenye boila dakika ya 9 kama kawaida, ukafika mwisho wa bomba kuu dakika ya 14, na rejeta ya chumba cha nyuma ikawa moto dakika ya 21. Usiku ule chumba kilifika nyuzi 19. Shosho akateremsha themostati hadi 21. Mama akavua koti.

Hata hivyo kelele zilibaki, na kelele ni dalili, si tabia ya uzee. Maji yakituama mahali ndani ya bomba, mvuke unaopita kwa kasi unayabeba kama jiwe na kuyapiga kwenye kona. Hapo sasa sikubadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Kimoja, kisha nasubiri siku mbili na kusikiliza, kisha kingine.

Kwanza niliweka pimamaji juu ya rejeta ya nyuma. Rejeta ya bomba moja inatakiwa iiname kidogo kuelekea kwenye koki yake, ili maji yarudi yalikotoka. Ya kwetu iliinama upande wa pili, kwa sababu sakafu ya mbao imezama kidogo kwa miaka karibu mia. Vipande viwili vya ubao chini ya miguu ya mbali vikatosha. Kelele ya chumba hicho ikaisha.

Pili ni koki. Watu huidhani ni kama bomba la jikoni, ukitaka joto kidogo unafungua kidogo. Kwenye mfumo wa bomba moja koki iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ikiwa nusu, mvuke unapenya kuingia lakini maji yanashindwa kutoka, na rejeta inaanza kugonga. Tulikuta mbili ziko nusu, tukazifungua zote.

Tatu ni presha, na hiyo sikuigusa. Mambo ya gesi na vifaa vya usalama vya boila ni ya fundi mwenye leseni. Safari hii Shosho aliita mzee mmoja anayejua mvuke hasa. Alikuta presha imepandishwa hadi pauni 6 kwa inchi ya mraba. Akacheka, akairudisha hadi moja na nusu.

Moja na nusu! Linganisha na tairi la gari dogo, linalobeba 30 na ushee. Nilimwuliza kwa nini ndogo hivyo. Alisema presha haileti joto. Nilipohakikisha katika majedwali ya mvuke nikaona ni kweli: kwenye presha sifuri ya geji mvuke una nyuzi 100, kwenye pauni 2 una nyuzi 104 hivi, na hata ukipandisha hadi pauni 10 unapata nyuzi 115 tu. Unachoma gesi zaidi, vipumulio vinaharibika mapema, maji yanazuiwa kurudi kwenye boila, na faida ni ndogo mno. Nyumba kama hii haihitaji hata kufika pauni 2.

Katika kazi yetu ya programu jambo hili tunalijua kwa jina lingine. Ukurasa unachelewa kufunguka, mtu ananunua seva kubwa mara mbili, na ukurasa unachelewa vile vile, kwa sababu kuna swala moja kwenye hifadhidata linalosubiri jingine limalize, nalo haliwezi kumaliza. Nguvu haikupungua tangu mwanzo. Palipoziba ndipo palipohitaji kutazamwa.

Mzee yule alifanya jambo moja zaidi mbele yangu. Alifungua koki ya kifaa kinachozima moto maji yakipungua, yakatoka maji meusi kama kahawa na matope tele. Akasema kwa utulivu kwamba kifaa hicho ndicho kinachoilinda familia yetu, na kwamba kikijaa matope kinaweza kushindwa kuona kwamba maji yameisha. Boila ikiwaka bila maji inapasuka vyuma vyake, na mtu akiingiza maji baridi ghafla kwenye chuma kilichowaka moto kuna hatari ya mlipuko. Kifaa cha aina hiyo kinasafishwa kila wiki wakati wa majira ya baridi. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia Shosho.

Alinionyesha pia mabomba yaliyokunjwa kando ya boila kama kiwiko. Ule mkunjo unaitwa Hartford, kutokana na kampuni ya bima ya boila ya mji wa Hartford, iliyoanza kuudai mwaka 1919. Kabla ya hapo bomba la kurudisha maji likivuja, maji yote ya boila yaliweza kutoka kwa njia hiyo huku moto unaendelea kuwaka. Kwa mkunjo ule, bomba likivuja boila inabaki na maji kiasi cha kumpa mtu muda wa kugundua. Hauna umeme wala kihisi, na hakuna kitu ndani yake cha kuharibika. Natamani programu zangu zingekuwa na kinga ya namna hiyo.

Na kwa nini rejeta za nyumba hizi ni kubwa hadi mtu anafungua dirisha Januari? Dan Holohan, mwandishi wa kitabu The Lost Art of Steam Heating cha mwaka 1992, anaeleza kwamba baada ya homa kuu ya mafua ya 1918 watu walihimizwa kulala madirisha wazi ili wapate hewa safi, na wahandisi wakazipima boila na rejeta zitoshe hata dirisha likiwa wazi siku ya baridi kali. Kwa hiyo mfumo wetu ulikuwa na nguvu ya ziada tangu siku ya kwanza.

Kwa ndugu zetu walio huku na wanaokaa nyumba za mvuke, huu hapa utaratibu niliouandika na kuubandika karibu na boila:

1. Pima kwanza. Joto la kila chumba, na dakika ambazo kila rejeta inachukua kupata moto. Kalamu na saa vinatosha.

2. Hakikisha koki ya kila rejeta iko wazi kabisa au imefungwa kabisa.

3. Weka pimamaji. Kwenye bomba moja, rejeta iinamie koki.

4. Sikiliza kipumulio cha rejeta. Kitoe hewa mwanzoni, kisha kinyamaze. Kisichopumua kabisa, au kinachotoa mvuke bila kukoma, kibadilishwe boila ikiwa imepoa.

5. Tafuta kipumulio cha bomba kuu kabla ya kulaumu boila.

6. Tazama maji kwenye kioo cha boila. Yakirukaruka sana, ni machafu au yana mafuta, na fundi anajua kuyasafisha.

7. Presha, gesi, vali ya usalama na kifaa cha maji yakipungua ni vya fundi mwenye leseni.

8. Ukiona kitambaa cheupe cha zamani kimezungushwa kwenye mabomba, usikiguse wala kukikwangua. Kinaweza kuwa asbesto.

9. Weka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Usiuruke mstari huu hata kama nyumba ina joto.

10. Kama umepanga, mshirikishe mwenye nyumba kabla ya kushika spana.

Jumla ya gharama zote, pamoja na ujira wa yule mzee, haikufika dola 500. Boila ya Shosho ni ya zamani na siku moja itakufa kweli. Siku hiyo atahitaji mpya na sitambishia fundi atakayesema hivyo. Ila hiyo haikuwa siku yenyewe. Nyumba haikuuzwa. Hita ya umeme niliitoa chumbani kwa mtoto wiki ile ile, na mama alipoondoka kurudi Nyeri mwezi wa Aprili alimwachia Shosho kanga mbili na maagizo, kwa ishara za mikono, ya kutopaka rangi kile kidude tena.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye Python.